Zafarani ya Mkwe Wangu

Mke wa mwanangu tulimpachika jina la Mara Moja. Ukimwita anajibu, "Nakuja mara moja," halafu nusu saa baadaye unamkuta uani anapanga vifungo kwa rangi, na sufuria jikoni inaungua. Ni fundi wa mapazia. Akilitazama dirisha tu anakwambia kitambaa gani kitalifaa, na hakosei. Lakini chumba chake cha kushonea, Mungu anisamehe, kilikuwa kinanipandisha presha: mkasi ndani ya kikombe, futi iko shingoni na yeye anaitafuta, mapazia ya watu watano yameanzwa, hakuna hata moja lililokwisha.

Mimi nilikuwa karani wa masjala kwa miaka thelathini na moja. Faili likitoka mikononi mwangu lilikuwa limekamilika, kila karatasi na namba yake. Basi mtu wa namna hii kuolewa na mwanangu wa pekee, niliona ni adhabu. Nilimsema kila siku. Uzembe, nilisema. Malezi.

Mwaka jana daktari aliipa hali yake jina: upungufu wa umakini, kitu alichozaliwa nacho. Akamwandikia vidonge. Nikacheka. Siku hizi hata uzembe una dawa! Taratibu mapazia yakaanza kwisha, akapata kazi ya ukumbi wa mikutano, madirisha kumi na manne. Mimi nikajipongeza kwamba maneno yangu yamemwingia.

Kisha nikasoma gazetini kwamba zafarani inatuliza akili za watu wa aina yake. Sijui niseme ilikuwa huruma au ubishi na yule daktari. Nilinunua kikopo kidogo, hata kiberiti ni kikubwa, nikampelekea.

"Loweka nyuzi chache kwenye maji ya moto, unywe asubuhi. Hayo makemikali yako achana nayo."

Alikipokea kwa mikono miwili. Machozi yakamlengalenga. "Mama, umeninunulia mimi?"

"Kwani kuna mwingine humu anayeunguza sufuria?" nilimjibu, tukacheka wote. Miaka tisa, na sikumbuki kama tuliwahi kucheka pamoja kabla ya hapo.

Wiki ya tatu alikata vitambaa vyote vya ukumbi vifupi kwa nusu mita. Alama moja ya chaki aliiweka vibaya, akaifuata mpaka dirisha la mwisho bila kuinua kichwa. Mwenye ukumbi akampa kazi fundi mwingine. Mara Moja akafunika cherehani kwa shuka, akasema hashoni tena, hana akili ya kazi.

Mwanangu alinijia akiwa amekasirika, jambo ambalo si kawaida yake. "Mama, aliacha vidonge kwa sababu yako. Nilimwambia arudi kwa daktari, akakataa. Alisema, 'Mama hajawahi kunipa kitu. Nikikikataa hiki, hatanipa kingine.'"

Nililitafuta lile gazeti. Habari ilikuwa inaendelea ukurasa wa kumi na tano, na mimi sikuwa nimefika huko. Huko waliandika kwamba waliojaribiwa ni watoto wachache, kwa wiki chache, na kwamba mtu asithubutu kuacha dawa zake kabla ya kuongea na daktari. Karani mzima, nimesoma faili nusu nikalipiga muhuri! Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nilimkuta Mara Moja kitandani amegeukia ukutani. Nikamwonyesha ukurasa ule. "Soma. Akili yako haina kosa. Wa kulaumiwa ni mimi." Alisoma, akavaa viatu, tukaondoka wote.

Daktari alimuuliza ni nani aliyemshauri kuacha vidonge. Nilikuwa nimekaa pembeni ya Mara Moja, pochi mapajani, nimejiandaa kwa lawama. Alijibu haraka, bila hata kunitazama.

"Hakuna, daktari. Niliamua mwenyewe."

Moyo ulinichoma. Miaka tisa nimemsema mbele za watu, na yeye ananifichia aibu yangu mbele ya mtu mmoja tu.

"Usimsikilize," nilimwambia daktari. "Ni mimi niliyemwachisha. Huyu binti yangu ananiogopa."