Mbwa ya Mama Angèle

Tangu vita itulie hapa Bunia, Mama Angèle hakutulia. Alihama kartie hii ya muji, akahama ingine, kila mara na sufuria zake za fufu na mbwa yake kubwa kama mwana-ngombe. Sasa alikuwa anahamia Epulu kwa dada yake, na siye wasafiri wengine tulipanda naye juu ya kamio, lori moja ya mizigo.

Mbele ya kufika Marabo, watu wakaanza kunungunika. Kwetu, mutu akiona mbwa kubwa, anahesabu kwanza myaka ya hiyo mbwa, ajue kama ilikuwako wakati ya vita. Vita iliacha maiti kwenye barabara, na mbwa hazikulala njaa.

Muzee mumoja, aliyekaa juu ya magunia ya maharagi, akauliza:

«Mama, hii mbwa ilikula nini mpaka ikanenepa hivi?»

Ni ulizo hiyo iliyomufukuza kwenye kila kartie. Mama Angèle akasimama, kamio ikitembea, akashika kamba kwa mukono moja.

«Ilikula fufu yangu! Mimi nililala njaa, yenyewe ikakula. Nimejibu. Sasa tuzunguke, mutu kwa mutu. Weye muzee, wakati ya vita ulikula ngombe ya nani? Na weye mama, mabati ya nyumba yako ilitoka wapi?»

Mumoja akaanza kufunga mizigo iliyokuwa imefungwa tayari. Mwingine akageuka kuangalia barabara. Mpaka Epulu, kwenye kamio yote, aliyepata usingizi ni mbwa tu.