Kaptura Nyeupe ya Andalusia

Ninawaeleza haya kwa sababu najua mmeshayasikia kwa wengine, na heri myasikie kwangu mimi mwenye makalio yenyewe kuliko kwa wale watu wa kwaya ambao kila wakisimulia huongeza chumvi. Aibu niliipata, sikatai. Hadi leo nikipita karibu na ukumbi ule wa Blacktown miguu huniwasha nikatamani kukimbia, na mara nyingine nakimbia kweli, mchana kweupe, mtu mzima na mkoba begani.

Mnanijua. Mimi ni Simiyu wa Bungoma, niliyefika Sydney bila mjomba wala shangazi wa kunipokea uwanja wa ndege, nikabeba maboksi katika ghala la Wetherill Park, nikasomea diploma ya ugavi kila nilipotoka zamu, na leo katika ghala lile lile anayesema boksi gani liende wapi ni mimi. Kwa hiyo niliposema nakwenda Hispania kuendesha baiskeli mashambani, watu walicheka (mmoja aliniuliza ni Mkenya gani apandaye ndege ili akateseke juu ya baiskeli, kwani Bungoma zimeisha), lakini nilikwenda kwa jasho langu, nikarudi, na niliporudi sikuweza kunyamaza.

Maana Andalusia, jamani, inataka msimulizi. Barabara nyembamba za lami zinapita katikati ya mizeituni iliyopandwa kwa mistari mpaka macho yanachoka kuifuata, unapanda kilima, unashuka, unapanda tena, halafu mbele yako kijiji cheupe pee kimekaa juu ya mwamba kama bibi harusi anayengoja kupigwa picha, na katikati ya kijiji kuna bomba la maji baridi na wazee kwenye benchi wanaokutazama ukinywa bila kusema kitu. Magari yakikukuta kwenye kona hayapigi honi, yanangoja nyuma yako taratibu mpaka njia ifunguke. Mimi nilipanda mlima mrefu wa huko mpaka kileleni, na kileleni nikanunua kaptura ya baiskeli nyeupe, ya kubana, na fulana nyeupe ya kufanana nayo. Kwenye jua lile nilionekana kama bingwa, na hilo halikusemwa na mimi peke yangu.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoanza kukusanyika. Pasta Amani, ambaye ni Mkongo wa Bukavu na mtu mwema sana, alinisikia nikisimulia baada ya ibada, akasema, "Ndugu Simiyu, Jumapili tutakunywa chai pamoja pale salle. Utatuonesha na kinga yako ile njia yote ya Espagne." (Salle ndio ukumbi wetu wa Blacktown, na kinga ndiyo baiskeli kwa Wakongo.) Nikakubali kabla hajamaliza. Nilikuwa na mashine ya mazoezi, ile unayotoa gurudumu la nyuma na kuikaza baiskeli juu yake, inayounganishwa na video ya barabara: ukikanyaga, video inakwenda, ukiacha inasimama, na barabara ikipanda mlima pedali nazo zinakuwa nzito. Nikaamua sitasimulia tu, nitaupanda mlima wenyewe mbele yao.

Na wiki hiyo hiyo mama yake Nekesa akafika kutoka nyumbani. Nekesa ni nesi, ndiye niliyetaka kumwoa, na mama yake hakupanda ndege kuja kuona daraja la Sydney. Alikuja kuniona mimi, aseme ndiyo au hapana. Baba yake Nekesa alishafariki, wajomba walisema neno la mama ndilo neno lao. Na ninyi mnaojua kwetu mnajua: mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawakai kochi moja, hawatazamani usoni. Ni heshima, na mimi na diploma yangu naiheshimu.

Jumapili asubuhi Nekesa aliniona nikikunja kaptura nyeupe.

"Si uvae hata tracksuit."

"Tracksuit kwenye mlima wa Andalusia?"

"Mlima uko wapi, Simiyu? Utakuwa pale wanapowekaga kinanda."

"Mama atakaa nyuma, hataona kitu."

Akanitazama kama anavyotazama mgonjwa anayekataa dawa, akaenda zake. Huo ndio uamuzi mdogo ulioniponza. Kaptura yangu nyingine, nyeusi, ilikuwa kabatini, imefuliwa, imekunjwa, nikaiacha.

Nilibadili nguo chooni, nikatoka na kipaza sauti cha kichwani, nikapanda baiskeli mbele ya skrini, na nilipoinua macho nikamwona mama mkwe amekaa mstari wa kwanza, katikati, kwenye kiti chenye mto. Mashemasi walimweka hapo kwa heshima, mgeni kutoka mbali. Yeye akainamisha uso, mimi nikatazama dari, moyo ukawa unapiga kama mtu anayebisha mlango wa choo. Siwezi kumtazama mama mkwe saa nzima nikiwa nimevaa vile. Lakini mimi ni mtu wa kutatua matatizo, ndiyo kazi inayonilisha. Nikawaomba vijana wawili wanisaidie, tukaigeuza baiskeli. Nikawapa watu mgongo, nikatazama skrini, nikajiona nimeokoa heshima ya pande zote mbili.

(Fikirieni kidogo mtu akiwa juu ya baiskeli ya mbio, ameinama ameshika usukani kule chini, ni sehemu gani yake inayobaki kuwatazama walio nyuma. Mimi sikufikiri.)

Nikaanza kukanyaga. Mizeituni ikaanza kutembea, watu wakasema aaa, nikawaeleza kijiji cha kwanza, bomba la maji, wazee. Projekta ilikuwa nyuma, kwa hiyo picha ilinipiga mimi pia mgongoni, na kwa vile nilikuwa mweupe mwili mzima, mizeituni ilipita juu yangu vile vile. Watoto wakaanza kucheka. Nikadhani wamefurahia mandhari. Kisha mlima ukafika, pedali zikawa nzito, na kwa kuwa nilishatangaza kwamba sipumziki mpaka kileleni, nikainuka kwenye kiti nikakanyaga nikiwa nimesimama, nikitikisa huku na huku kama wanavyofanya wenyewe. Jasho likaanza kunitoka la nguvu. Na kaptura nyeupe ikilowa, ndugu zangu, ni kama hujavaa, na waendesha baiskeli hatuvai chochote ndani yake, hiyo ni kanuni ya mchezo, siyo yangu.

Nilisikia minong'ono lakini kando yangu kulikuwa na feni kubwa na spika, sikushika neno. Mtoto mmoja, naambiwa, alitangaza kwa Kiingereza chao cha hapa kwamba matako ya anko yanaonekana yote. Mimi nikasikia kelele tu, nikadhani wananishangilia, nikaongeza gia. "Sasa tunakaribia kileleni," nikawaambia ukumbi mzima nikihema kwenye spika, "hapa ndipo wanaume wengi hurudi nyuma."

Mama mkwe, bila kuinua uso, alifungua leso yake kiunoni akampa Nekesa. Nekesa akaja mbio anifunge kiunoni kutoka nyuma. Nilipohisi mikono nikashtuka, nikakanyaga kwa nguvu zaidi, ncha ya leso ikaingia kwenye mnyororo, mnyororo ukaivuta, baiskeli ikayumba na mashine yake, na mimi nikaruka upande wa mstari wa kwanza. Katika kuanguka mtu hushika kilicho karibu. Nilichoshika kilikuwa mguu wa mama mkwe. Nilifunguliwa vidole kimoja kimoja na Pasta Amani, ambaye alikuwa akisema, "Pole, ndugu, pole, achilia sasa."

Kesho yake niliitwa kwa Nekesa. Mama alikaa jikoni, mimi nikawekwa kibarazani, mlango wazi, Nekesa katikati akipeleka maneno tuliyoyasikia sote.

"Mwambie nimesikia ana diploma."

"Anasema amesikia una diploma."

"Mwambie mama ndiyo, ya ugavi, na pia cheti cha—"

"Mwulize kama kuna wakati huwa anakaa."

Nilikuwa nimesimama. Nikakaa. Nikasimama tena kwa sababu kiti kilikuwa na jua, nikakaa tena.

"Mwambie jana nimeona mambo ambayo mama hapaswi kuona," akasema, sauti imetulia kabisa, "lakini hayo yataisha, nimelea wavulana. Linalonisumbua ni kwamba mtu alikanyaga kwa nguvu zote vile, akalowa jasho vile, na hakutoka pale alipokuwa. Na bado alikuwa anatutangazia tumefika wapi."

Nekesa hakulirudia hilo.

"Aje nyumbani," mama akaendelea. "Avae suruali. Atakaa na wajomba, na asiseme neno lolote juu yake mwenyewe mpaka aulizwe. Akiweza, tutaongea. Asipoweza, Nekesa atapata mwingine."

"Mama, mimi sitaki mwingine."

"Basi mfundishe kukaa."

Hivyo ndivyo harusi yetu ilivyosogezwa mbele. Kaptura nyeupe nimeitupa kwenye pipa la halmashauri mwenyewe, na nimeapa kwamba siku zangu zote nitavaa nyeusi, na kwamba nikiona aibu mbele yangu nitaitazama usoni, sitaigeuzia mgongo tena. Tunakwenda Bungoma mwisho wa mwaka. Kila Jumamosi Nekesa ananikalisha kwenye kochi, ananipa chai, ananiambia nyamaza, nami nanyamaza. Wiki iliyopita nilifaulu mpaka chai ikapoa. Kisha jirani mmoja akaingia kuazima ngazi, akanitazama, akauliza kama nimewahi kufika Ulaya.

Nekesa aliweka kikombe chini.

"Nimefika," nikasema, nikafunga mdomo, na chini ya meza miguu ikaanza kukanyaga pedali zisizokuwepo mpaka meza nzima ikatikisika.