Aliyetangaza Ndege Isiyokuja

Zamani ndege ikichelewa uliambiwa na mtu mwenye koo linalokauka kama lako. Leo unaambiwa na mashine isiyojua hata maana ya kungoja.

Katika uwanja wetu mdogo mtu huyo tulimwita Redio, kwa sauti yake nzito. Aliitangazia kampuni iliyokodi ndege mbili za kuwapeleka watu likizo kwenye fukwe za mbali na kuwarudisha. Mkiani walichora kipepeo, na wenye midomo wakasema kipepeo hamalizi mwaka. Mwaka ukaisha, viti vikajaa maharusi na wastaafu, wamevaa suti, si kaptula na kandambili kama wasafiri wa leo. Lakini ngoma ikivuma sana hupasuka. Wenye ndege wakaja wakachukua moja kwa kodi isiyolipwa, na tangu hapo Redio akawa anashtuka kila simu inapolia.

Hofu yake ilikuwa na sababu. Dada yake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa huko likizo na mumewe, na Redio ndiye aliyewashawishi. Shemeji alikataa mwanzoni, akisema kila chenye mabawa mwisho wake kitoweo. Redio akamjibu asihofu, yeye amezeeka, hata akipikwa haivi. Wakacheka, wakaenda.

Siku ya kuwarudisha, bosi aliingia katika kile kichumba cha kioo cha kutangazia, akafunga mlango. Akasema ndege ya pili nayo imezuiwa na wenyewe, haiendi. Ila watu waambiwe imechelewa tu, maana bado anazungumza na wakubwa, huenda mambo yakanyooka. Redio akatangaza. Akatangaza tena, na nje ya kioo ndugu waliokuja kupokea watu wao wakamtazama mdomo.

Simu ikalia. Alikuwa dada.

"Mdogo wangu, kuna kampuni nyingine hapa ina viti viwili, inaondoka sasa hivi. Shemeji yako dawa zimemwishia, miguu imeanza kuvimba. Tupande hii, au yenu inakuja?"

Bosi alisimama palepale, anamtazama tu. Redio alifungua mdomo aseme pandeni. Ikatoka ile sauti ya kazini, nzito na tulivu.

"Subirini, dada. Inakuja."

"Haya. Ukisema wewe, yatosha."

Bosi alipotoka, Redio alipiga simu uwanja wa kule. Karani wa kule akamwambia ile nyingine imesharuka.

Kampuni ilikufa wiki hiyohiyo, na abiria wakarudi kwa mabasi, wanafika mmoja mmoja. Redio alishinda kituoni, roho juu, akichungulia kila basi. Hatimaye akamwona shemeji akiteremshwa, amebebwa na watu wawili, uso umevimba, utani wote umemwisha. Redio akakimbilia begi alilobeba dada, akalishika, akaanza kueleza habari za bosi.

Dada hakumkaripia. Heri angemkaripia, enzi zetu ndugu aliyekugombeza ulijua bado ni wako.

"Asante kwa kutupokea, bwana mtangazaji," alisema, akautoa mkono wa Redio kwenye begi, taratibu, kidole kwa kidole.

Akaingia kwenye teksi, akaegemeza kichwa cha mumewe begani mwake, akafunga mlango. Redio alisimama akiangalia vichwa vyao viwili mpaka teksi ikakata kona. Hakuwaona tena.