Kijiji Kilichomlilia Mzee Aliye Hai

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu tuliomaliza nao kidato cha nne walitawanyika, huyu Mwanza, yule ameolewa Dodoma. Mimi nilichukua cheti changu nikarudi nyumbani hapa hapa Kasulu, nikakaa mbele ya mashine ya mama ya kufumia masweta ya wanafunzi. Huku kwetu juu kuna baridi, sweta halikosi mnunuzi, kwa hiyo sikupata sababu ya maana ya kwenda popote. Hata Manyovu, hapo mpakani na Burundi, ambako majirani zangu wanakwenda na kurudi kama wanaoteka maji, nilikuwa sijafika. Na mpaka leo sijafika, tusidanganyane.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyejikuta, mwaka 2013, anawatungia wenzake safari.

Aliyeanzisha ni mpangaji wangu wa chumba cha mbele, mwalimu wa jiografia kutoka Tanga. Alikuja na kitabu cha kurudufu alichopewa na rafiki yake wa chuo, kurasa zimeshikwa kwa uzi. Ndani mlikuwa na kanuni za mchezo wa mezani usio na ubao wala karata. Mnakaa, mmoja anakuwa msimulizi, na kila mmoja wa wengine anakuwa mtu wa kubuni: mpiganaji, mganga, mwizi. Msimulizi anasema, "Mmefika darajani, katikati amelala joka." Nyie mnasema mnafanyaje. Jambo likiwa gumu mnarusha dadu, nayo ndiyo inayoamua kama mmevuka au mmeangukia mtoni.

"Kwa hiyo watu wazima wanakaa wanadanganyana?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Wanadanganyana kwa kanuni, mama mwenye nyumba," akasema.

Wachezaji tulikuwa watatu, yeye akisimulia. Mmoja ni mimi. Wa pili ni nesi wa kutoka Mara, tuliyemwita Sista, mwanamke wa sauti kubwa na hatua ndefu. Mhusika wake alikuwa mpiganaji, na sidhani kama alihitaji kubuni sana. Wa tatu ni Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mtu mzima, tuliyemwita Papaa. Jumamosi alikuwa anakuja mjini na kibali chake kuuza vitenge, na akishamaliza mauzo anakuja kwangu kuwa mwizi. Alikuwa mwizi mstaarabu kuliko wote niliowahi kusikia. Kabla ya kumwibia mtu alikuwa anamwomba radhi.

Tangu mama afariki, Jumamosi nyumbani kwangu ilikuwa ni mlio wa mashine tu, krrr krrr, mpaka jua lizame. Mchezo ule ulileta kelele. Sista akiua joka, jirani anagonga ukuta. Nilikuwa nachemsha chai sufuria nzima na mihogo juu yake, na jioni nikifagia maganda najiona na mimi nina watu.

Halafu Mwalimu akapata uhamisho wa kwenda Kibondo.

Siku ya kuaga tulikuwa tumeshamaliza visa vyote vya kwenye kile kitabu, joka la mwisho limekufa. Mwalimu akaniachia kitabu na dadu. "Vitabu hivi huwa vina nyongeza," akasema. "Watu wanaandika maeneo mapya, vikundi vipya vinavyogombana, visa vipya. Andika wewe."

"Mimi? Manyovu yenyewe sijafika!"

"Kwani mimi joka nimeliona wapi?"

Sista hakuwa mtu wa kuficha. Akafunga mkoba wake akasema, "Dada, nitakuja Jumamosi moja nione. Ikiwa na ladha, sawa. Ikiwa haina, kwaya wananitafuta mazoezini siku hiyo hiyo." Papaa akasema yeye atakuja tu, lakini nikajua mwizi mmoja na msimulizi mmoja hawafanyi mchezo. Wanafanya mazungumzo.

Nikaandika wiki nzima, mkono mmoja kwenye mashine. Nilitunga kijiji kilichokaa mgongoni mwa mlima, ukungu mpaka saa nne asubuhi. Nikakipa vikundi viwili. Kwanza Watu wa Mizinga, warina asali wanaotawala msitu. Pili Wavunja Fedha, wanaokaa mpakani chini ya miavuli na kubadilisha sarafu za wafalme waliokwisha kufa. Hao niliwachukua kwenye masimulizi ya majirani, nikawaongezea ndevu. Msituni kuna pango lenye taji, na njia ya kwenda huko anaijua mtu mmoja tu, Mzee wa Mizinga. Kazi ya wachezaji ni kumfikia kabla Wavunja Fedha hawajainunua hiyo njia. Nilijisifu kimoyomoyo. Nilichora mpaka ramani, mlima ukatoka kama sufuria iliyofunikwa.

Jumamosi ikafika. Sista alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Nikasimulia ukungu, nikasimulia moshi wa jikoni, nikawafikisha uwanjani kijijini. Wanawake wanaanika ulezi, wanaume wanachonga mizinga.

"Naingia katikati," Sista akasema. "Nauliza: Mzee wa Mizinga yuko wapi?"

Nikajibu bila kufikiri, kama vile nimeulizwa rangi ya sweta. "Mwanamke wa kwanza anaangusha ungo. Anashika kichwa. Anaanza kulia. Na wenzake wanaanza kulia. Wanaume wanaweka shoka chini."

"Wanalia nini?"

"Wanalia."

"Sijampiga mtu! Nimeuliza swali!"

"Wanasogea, wanakuzunguka. Mmoja anakuuliza kwa upole, ni nani?"

"Ni nani nini?" Sasa alikuwa amesimama kabisa, mkoba begani. "Dada, huu mchezo una kanuni au unajitungia tu?"

Hapo ndipo na mimi nilipojiuliza. Nikapekua nilichoandika, chanzo cha kile kilio hakikuwemo. Sikuwa nimekiandika kwa sababu kwetu hakuna anayekiandika. Kwa bibi yangu mtu akiingia uani husalimia kwanza. Anapiga makofi taratibu, anauliza mmeamkaje, watoto, mbuzi, mvua, anapewa kigoda, anakaa. Ndipo jambo lililomleta linatoka. Mtu anayeingia amesimama na kwenda moja kwa moja kwenye jambo, na akataja jina la mtu, amebeba habari moja tu. Wenye nyumba hawamsubiri amalize, wanaanza kulia.

Nikawaeleza hivyo, sauti ikizidi kuwa ndogo. "Umeingia bila salamu," nikasema. "Ukamtaja Mzee. Wamejua umeleta msiba."

Nikasikia chai inavyochemka. Nikaona wazi Jumamosi zangu zinatoka mlangoni zimeshikana mkono na ule mkoba, zinaelekea kwaya.

Sista akakaa. Hakukalia kiti chake, alikaa juu ya rundo la masweta yangu.

"Ndiyo maana," akasema.

"Ndiyo maana nini?"

"Wiki yangu ya kwanza wodini hapa. Nimetoka zamu ya haraka, nimeingia kwa wanaosubiri nje, nikasema, 'Ndugu wa bibi wa kitanda cha dirishani ni nani?' Nilitaka waniletee shuka! Shuka tu! Dada, walilia. Walijitupa chini. Mimi nikakimbilia ndani nikijua bibi amekata roho, namkuta anakunywa uji." Akafuta macho, sikujua anacheka au vipi. "Nikasema moyoni, watu wa huku wana presha. Hakuna aliyeniambia."

"Wangekuambia vipi na hukuwasalimia?" nikamtania, na nilipoona anacheka kweli, nikainuka kummiminia chai.

Papaa alikuwa bado kijijini. Yeye mchezo haukukatika kichwani mwake hata kidogo. "Mama," akaniambia, "ile bantu bado banalia?"

"Bado. Wanauliza ni nani aliyekufa."

"Basi miye nabaambia," akasema, na kwa upole wake wote wa mwizi akaharibu kila kitu. "Nasema, pardon sana. Ni ule Muzee."

"Papaa!" Sista akapiga kelele. "Tunamtafuta huyo!"

"Banalia tayari. Nitabakatalia namna gani? Ni aibu."

Kuanzia hapo sikutumia tena nilichoandika. Msiba ukaanza. Moto ukakokwa uwanjani, Sista na upanga wake akapangiwa kuteka maji, Papaa akapewa heshima ya kukaa karibu na wafiwa. Watu wa Mizinga wakagawanyika kabla pombe ya ndizi haijaiva, nusu wanataka arithi mtoto wa kwanza, nusu wanamtaka mpwa. Wavunja Fedha wakafika na rambirambi na mizani yao, wanauliza kwa huzuni kubwa, hiyo njia ya pangoni sasa inauzwa na nani? Sista akarusha dadu kumzuia mpwa asiuze, akapata, jirani akagonga ukuta. Kule kugongwa kwa ukuta nilikuwa nimekukosa wiki nzima.

Na jua lilipoanza kulegea, akatokea msituni mzee mmoja na ndoo ya asali kichwani. Akaona moto, akaona watu wamejifunga nguo viunoni. Akatua ndoo, akasalimia kila mtu kwa utaratibu, mbuzi, watoto, mvua. Ndipo akauliza, jamani, amekufa nani?

Sista na Papaa wakatazamana.

"Nani anamjibu?" nikauliza.

"Wewe mwizi ndiye uliyemuua," Sista akasema.

"Hapana, ni weye ulileta habari!"

Wakabishana mpaka Papaa akakumbuka gari la kurudi kambini, akatoka mbio na kiatu kimoja hakijafungwa, huku anasema nje, "Ule Muzee asijibiwe bila miye! Mama, umunyamazishe hapo hapo!" Sista akachukua mkoba wake. Mlangoni akageuka. Hakusema lolote kuhusu kwaya, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Nikamwacha mzee amesimama na swali lake wiki nzima. Mwalimu alipopiga simu kutoka Kibondo nikamweleza, akacheka mpaka salio likamwishia.

Jumamosi iliyofuata nilipanga viti, nikaviondoa, nikavipanga tena. Nikajiambia ni kwa sababu ya kufagia. Nilikuwa kwenye mashine, hata saa sita haijafika, niliposikia makofi uani. Taratibu, moja moja.

"Mwakeye!" Sauti ile kubwa, salamu yetu ya Kiha ikiwa na Mara yote ndani yake.

"Mwakeye neza. Karibu."

"Habari za hapa? Watoto hawajambo?"

"Sista, sina watoto."

"Mbuzi je?"

"Mbuzi sina."

"Mvua imeonekana?"

"Unaiona imekulowesha."

"Ng'ombe, shamba, majirani?" Alikuwa amesimama kwenye matope, mkoba kichwani kujikinga mvua, anapiga makofi kwa ustadi wa mtu aliyefanya mazoezi. "Usinikaribishe bado, sijamaliza. Mashine haijambo?"

Nikainuka kuongeza maji kwenye sufuria. Kwa hesabu yangu chai ingechemka kabla hajafika kwenye kuku.