Kathure Anangoja Malipo

Kathure ni jirani yangu hapa Githongo, na kwa ukaidi hana mwenzake. Nasema hivyo kwa sababu nampenda, na kwa sababu nimechoka kumwambia jambo moja tangu mwaka jana.

Mumewe, marehemu Kiunga, alikuwa dereva wa serikali kule Embu. Alipofariki, Kathure alibaki kwenye shamba la kahawa ambalo hati yake ina jina la shemejiye, Mithika. Mithika si mtu mbaya. Alingoja matanga yaishe, akangoja mwaka upite, ndipo akasema kwa upole kwamba wanawe wamekuwa wakubwa na wanataka mahali pa kujenga. Kathure akamwambia asijali, atahama. Mafao ya marehemu yakitoka angenunua ploti Nchiru, karibu na chuo kikuu, ajenge chumba chake na viwili vya kupangisha wanafunzi. Alitaka mlango wake mwenyewe, pasipo shemeji wa kumwomba atoke.

Mafao yalitoka, yakatosha ploti lakini si nyumba. Akaanza kuuliza watu namna ya kuyakuza. Mimi nina hisa nilizonunua wakati ule nchi nzima ilipopanga foleni kununua za kampuni ya simu. Zilianguka, nikakaza roho, na bado ninazo. Nikamshauri aweke pesa kwenye mfuko unaonunua hisa za kampuni nyingi kwa pamoja, kisha azisahau miaka kumi.

"Hiyo miaka kumi nitakuwa nikiishi kwa nani?" akaniuliza.

Jibu alilileta Kirimi, mpwa wake anayesoma Nchiru, aliyemwekea kwenye simu programu ya sarafu za kidijitali. Kathure akatia pesa zote. Kila asubuhi alinionyesha jinsi hesabu ilivyopanda.

"Hii haishukangi kama hisa zako, Mama Joyline."

Nikamwambia kitu kisichoshuka kamwe ndicho cha kuogopa. Akadhani ni wivu, tukanuniana hadi Krismasi.

Mwezi wa pili programu ikakataa kutoa pesa. Wanafunzi waliotia zao walipiga kelele, wakalia, na Kirimi akazima simu kwa aibu, maana zake pia zilikuwa humo. Kathure hakushtuka hata kidogo, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli.

Lazima uwe mkulima wa kahawa ndipo umwelewe. Sisi hupeleka kahawa kiwandani mwishoni mwa mwaka, halafu tunalipwa katikati ya mwaka unaofuata, kama tutalipwa. Katikati hapo hukatwa pesa za kukoboa, za usafiri, za mbolea, na nyingine ambazo hakuna anayetueleza. Tumezaliwa tukazikuta. Kwa hiyo ujumbe ulipoingia kwamba malipo yamechelewa kwa sababu ya ukaguzi, Kathure aliusoma kama habari za kawaida kabisa. Na ulipofuata mwingine, kwamba kuna ada ya kulipa kwanza ndipo pesa zifunguliwe, aliuza ng'ombe akalipa. Tena alifurahi.

"Ni makato," akanieleza kwa subira, kama mtu anayefundisha mtoto. "Mtu hawezi kukukata kama hana mpango wa kukulipa."

Nilimkaripia siku hiyo. Nilimwambia ameibiwa, na kwamba hao wezi sasa wanamkamua kama yule ng'ombe aliyemuuza. Nikataka twende polisi. Akakataa: kwenye kahawa, wanaopiga kelele ndio hulipwa mwisho. Nilirudi kwangu nikiwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa juu yake.

Wana wa Mithika wameshaleta mawe. Msingi umechimbwa kati ya mistari ya kahawa, hatua chache kutoka jikoni kwake, na Kathure ndiye anayewapikia mafundi chai. Mithika amemwambia wakimaliza hiyo nyumba watabomoa ile yake. Ploti aliyoitaka Nchiru ilinunuliwa na mtu mwingine; nilipita huko nikaiona imezungushiwa mabati.

Jumapili iliyopita alikuja baada ya kanisa, na simu mkononi. Amekonda. Alikataa kuketi. Akanikumbusha kwamba kwenye ushirika wa kahawa kila mwanachama huandika mtu wa kurithi namba yake ya uanachama, akasema ameona nafasi kama hiyo kwenye programu.

"Nimekuandika wewe," akasema. "Watoto hatukujaliwa, na Kirimi simpati. Nikienda kabla hawajalipa, Mama Joyline, usichoke kungoja. Wewe una roho ya kungoja."

Nilikuwa na maneno ya kumwambia, yaleyale ya mwaka mzima. Nilimtazama, na nikaona kwamba nikiyasema tena hatabaki na kitu cha kumwamsha kesho.

"Wanataka namba yako ya kitambulisho," akasema.

Nikaingia ndani nikaleta kitambulisho, nikamsomea namba polepole ili asikosee.