Ufunguo wa Choo cha Kiwandani

Mke wa mwanangu tunamwita Pasi Moto. Ananyoosha mashati kwenye kiwanda cha nguo, na nzi akithubutu kutua kwenye kola anaondoka bapa kama stempu. Huyo nzi nimemwona mwenyewe.

Chumba chao cha kupigia pasi kina mvuke wa kuivisha mtu. Choo kipo, ila ufunguo unaning'inia shingoni mwa msimamizi, na ukimwomba anauliza mbele ya watu, "Tena?" Pasi Moto akaona aibu, akaacha kunywa maji kazini. Mgongo ukimuuma, anatafuna vidonge vya maumivu vya dukani kama njugu. Nikimsema, ananijibu, "Mama, nikinywa maji itabidi nimwombe yule msimamizi ufunguo."

Siku moja akarudi anatapika, uso umevimba, miguu haiingii kwenye ndala. Mkojo hakuna, hata tone. Hospitali wakampima damu. Daktari akasema figo zimesimama ghafla: mwili ulikauka, na vile vidonge vikazimalizia.

"Zimekufa?" nikauliza.

"Zimezimia, bibi. Mara nyingi huamka. Vidonge aviache kabisa. Mashine itamsafishia damu wakati tunausubiri mkojo."

Basi tukausubiri kama mtoto wa kuzaliwa. Damu yake inatoka kwa mrija huu, inarudi kwa mrija ule, naye kalala rangi ya majivu. Mwanangu kila saa anachungulia chombo chini ya kitanda. Kitupu. Nilikuwa na hasira ya kuchemsha birika bila moto.

Msimamizi akaja kumjulia hali. Ufunguo shingoni, jamani, hata hospitali.

"Pole, mama. Angesema tu kwamba anaumwa."

"Angesema, ungemuuliza, 'Tena?'"

Ndipo mkwe wangu akaniita kwa sauti ndogo, "Mama, chombo." Nikavuta pazia. Ulitoka kidogo, mweusi kama chai iliyosahauliwa jikoni, lakini mkojo. Muuguzi akaupima huku anacheka.

Nikautoa nje ya pazia nikamsogezea msimamizi chini ya pua. "Uone vizuri. Huu ndio uliokuwa unaufungia kufuli. Haya, vua huo ufunguo."

Akavua.

Mkojo ukazidi, mashine wakaiondoa, na Pasi Moto amerudi kazini na chupa ya maji kubwa kuliko pasi yake. Kufuli la choo ilibidi walikate kwa msumeno. Ufunguo nauvaa mimi, na msimamizi aje auombe.