Mjomba Alivyosahau Ukali Wake

Enzi za Mdachi, wenzangu mliokulia Matombo mnakumbuka, hatukuwa na haja ya baiskeli. Tulikuwa na magamba ya migomba. Unachagua gamba pana, unalikalia, mwenzako anakusukuma, na mlima wa Uluguru unakushusha mpaka bondeni, makalio yamechubuka, meno yote nje. Vijana wa leo wakipanda kilima kidogo tu wanaomba maji!

Starehe ile ilikuwa na adui mmoja: Mjomba Mloka, kaka yake mama. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye sauti, naye sauti alikuwa nayo hasa. Akikohoa, hata kuku walitawanyika. Akituona na magamba, fimbo. Mkewe, Bi Zena, alimwekea ugali akarudi jikoni mbio. Mama alizoea kutuambia, "Mjomba wenu akicheka, jueni mvua ya mawe inakuja."

Basi akaenda kuponda kokoto za reli mjini Morogoro, taruma, lile pande zito la kulazia reli, likamwangukia kichwani. Wenzake walimrudisha kwa machela, na mwili ulipopona, kichwani hamkuwa na kitu. Hamjui mke, hamjui dada, hata jina lake anaambiwa. Kila akiuliza, "Jamani, mimi nilikuwa mtu wa namna gani?" kila mtu anakumbuka ana kazi shambani. Nani amwambie?

Akajitokeza Bi Mwanaidi, mtani wetu wa ukoo wa ng'ambo ya mto. Mambo ya watani mnayajua wenyewe: anakusema mchana kweupe, anakuchukulia kuku wako, nawe huruhusiwi kukasirika, na maneno yake hakuna mwenye akili anayeyashika. Lakini Mjomba alikuwa amesahau kwamba yule ni mtani wake!

"Wewe?" Bi Mwanaidi akasema, uso mkavu kabisa. "Wewe ulikuwa unamtekea mkeo maji kila asubuhi. Na hawa watoto, nani aliwafundisha kuteleza na magamba kama si wewe?"

Tukaziba midomo kwa viganja. Mama akajifanya anakohoa.

Kesho yake, wallahi, Mjomba akajitwika mtungi. Wanaume wenzake wakamcheka, akawajibu, "Ndivyo nilivyo tangu zamani." Jioni akaja na gamba lake, na midevu yake ile, akashuka mlima akipiga kelele mpaka kwenye magimbi ya jirani. Tulicheka tukagaagaa chini. Akawa anatuchomea ndizi, na Bi Zena akaanza kuimba akitwanga. Lo, raha gani ile!

Hofu ilikuwa moja tu: je, akikumbuka? Bi Zena alimwambia mama, "Wifi, akijikuna kichwa tu, moyo unanienda mbio." Nasi tukimwona amenyamaza, tulificha magamba.

Masika moja, vita vya Wazungu havijaja bado, Bi Mwanaidi akafariki. Jeneza lilipotoka nyumbani, Mjomba akaruka akalala njiani kwenye tope, mbele ya wabebaji.

"Huyu hazikwi!" akapiga kelele. "Mwongo huyu! Hazikwi mpaka anirudishie ukali wangu! Mimi sikuwahi kuteka maji mpaka aliponidanganya!"

Watu wakaangua kicheko. Ndiyo kazi ya mtani msibani. Wafiwa wakampa haki yake, kuku mmoja, akaondoka njiani. Bi Zena peke yake hakucheka.

"Kumbe umekumbuka," akamwambia. "Tangu lini?"

"Zamani, mke wangu," Mjomba akajibu, anajipangusa tope na machozi yanamtoka. "Nilimkumbuka yule Mloka wa kwanza. Sikumpenda."

Tulipotoka makaburini akachukua mtungi akaenda mtoni.

Leo vijana wana vichwa vizima, na wamesahau hata watani wao ni nani. Mtanie mmoja kidogo uone, anakimbilia kukushtaki. Magamba ya migomba yanaozea shambani, na mlima umekaa kimya, inaniuma. Nami nikimwona mwanamume anamfokea mkewe, simlaumu sana. Nasema, maskini, hajapata wa kumdanganya.